Upana wa Paji la Nurungji

Agosti 30
Miran kanipigia simu kutoka Naju kuniuliza kama nimeanza kuandika. Hili daftari aliniachia siku za msiba wa baba yake. Alisema, "Mama, kuliko kuongea na masufuria, andika." Haya, naandika. Nimeanika pilipili uani. Mvua imenyesha. Nimezianua.

Agosti 31
Nimeanika. Mvua. Nimeanua.

Septemba 4
Leo kuna jambo. Asubuhi kipaza sauti cha kijiji kimekohoa kama kawaida yake, kisha mwenyekiti akatangaza kuwa upimaji wa mbwa umewadia. Kila mbwa aliyetimiza miezi sita apelekwe uwanja wa ofisi ya tarafa akapimwe. Atakayefaulu atapewa namba na kubaki. Asiyefaulu ataondoka kisiwani kabla baridi haijakaza. Hapa Jindo uzao wa mbwa wetu unalindwa na sheria, mambo ndiyo hayo tangu nilipoolewa. Mtu akiwa na kichwa kibovu anaachwa akae, tena pengine anapewa na uongozi. Mbwa hapewi nafasi hiyo.

Nurungji alikuwa amelala kizingitini, hana habari. Nilimpa jina hilo kwa sababu rangi yake ni ile ile ya ukoko wa wali unaobaki chini ya chungu. Alizaliwa siku moja kabla hatujamzika mzee wangu. Uani kulikuwa kumejaa waombolezaji wanakunywa supu, mimi nimevaa nguo za katani za msiba, mama yake akaingia uvunguni mwa baraza akazaa. Watoto walikuwa wanne, wenziwe hawakumaliza wiki. Na mama mtu, tangu jeneza lilipotoka getini hakula chakula cha maana. Ilipofika pilipili kutoa maua, naye akaenda. Alikuwa mbwa wa mume wangu, hakuwa wangu. Sasa nyumba nzima tumebaki mimi na huyu, na wakimchukua huyu sijui asubuhi nitaamkia nini.

Septemba 6
Nimekwenda kumwandikisha. Karani ni msichana mgeni, ametoka mjini, ana adabu. Akauliza, "Amezaliwa lini, bibi?" Nikamwambia tarehe kumi na nane, mwezi wa pili. Akahesabu kwa kidole mezani. "Basi ameshapita sita. Mlete tarehe kumi na sita."

Pilipili zimekauka nusu.

Septemba 9
Mama Jeongdal, jirani yangu, kaja kunisaidia kupalilia vitunguu vya majani. Mdomo wake unafanya kazi kuliko jembe lake. Kamtazama Nurungji akasema, "Huyu kichwa chembamba kama cha mkwe wangu."

"Mkwe wako mbona hawajamtoa kisiwani?"

"Wakija kumchukua nitawapakia mwenyewe, na kimchi ya njiani nitawapa."

Nilicheka. Lakini alipoondoka nilimshika Nurungji kichwa kwa mikono miwili nikakitazama vizuri. Marehemu alikuwa akisema kichwa cha mbwa wa huku, ukikitazama kwa juu, kiwe pembetatu butu: paji pana, mashavu yamejaa, pua isiwe ndefu wala nyembamba. Cha Nurungji ni chembamba. Sikutaka kukiona lakini nimekiona.

Septemba 11
Nimempikia shayiri na vichwa vya samaki. Ale ajae mashavu.

Septemba 13
Bwana Tak alipita. Ndiye mpimaji, na alikuwa rafiki wa mume wangu tangu wote wawili hawajaota ndevu. Nilimkaribisha barazani, nikamwekea pombe ya mchele na kimchi ya figili zilizochachushwa kwa pilipili. Nurungji akamlalia miguuni. Nikamwambia ampime kidogo tu, nijue mapema. Akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu.

"Shemeji, nikimgusa leo watasema nilikula kwako."

"Si unakula kwangu sasa hivi?"

"Nakula. Ndiyo maana simgusi."

Akala akamaliza, akaenda zake. Ni mtu mwenye kunyooka mpaka anakera. Marehemu alimpenda kwa hilo hilo.

Septemba 16
Hamu ya kuandika sina, ila nisipoandika nitapasuka.

Uwanja ulijaa watu na mbwa. Bwana Tak alikaa nyuma ya meza na utepe wake na kile chuma chenye mikono miwili, ambacho mume wangu alikuwa akikitania kuwa ni vijiti vya kulia vya jitu. Waliotutangulia walikuwa wakiitwa, wanapimwa, wengine wanaondoka wanachekelea, wengine wameinama. Zamu yetu ikafika. Nilimpandisha Nurungji mezani mwenyewe.

Alipima mwili na mkia, vyote sawa. Akamshika kidevu. Nurungji akatulia, anamjua. Akapima kutoka kisogoni hadi ncha ya pua, akataja namba, karani akaandika. Akapima pua peke yake, kutoka katikati ya macho. Akataja. Akazungusha utepe kichwani. Akataja. Kisha akaweka kile chuma kwenye paji, mbele ya masikio, na hapo hakutaja kitu. Akakitoa, akakirudisha. Akamfunua midomo akatazama meno, akakunja uso. Akapima tena.

"Una nini, Bwana Tak? Macho yamekuishia?"

"Tulia, shemeji."

"Nimetulia. Sema."

Akaweka chuma chini. "Paji halijafika. Kwa umri wake limepungua milimita sita. Na pua imezidi kwa paji hilo."

"Milimita sita ni kitu gani? Kucha zako zimezidi hizo."

"Zimezidi, lakini mimi sipimwi."

Watu wakacheka. Haki ya nani, kama ningekuwa na jembe. Nikamsogelea nikamwambia polepole asikie yeye tu, "Ulibeba jeneza la mume wangu kwa bega lako. Leo unanitolea na mbwa wake?"

Hakuinua macho. "Nikimpitisha huyu, wale niliowakataa asubuhi nitawaambia nini?"

Akamwambia karani aandike hajafaulu. Nikamshusha Nurungji nikaondoka. Njia nzima alikuwa anatikisa mkia. Watu wengi, harufu nyingi, kwake ilikuwa sikukuu. Nilipofika nyumbani nilikaa jikoni nikalia mpaka moto ukazimika.

Septemba 17
Sikutoka.

Septemba 20
Mvua. Bwana Tak alikuja getini, nikamwaga maji ya kuoshea mchele karibu na viatu vyake. Aliacha mfuko wa vichwa vya samaki wakavu ukutani. Nimempa Mama Jeongdal, nguruwe wake wale.

Septemba 27
Sikukuu ya mavuno. Miran na mumewe wamefika na mapeasi ya shamba lao. Tumepanga meza ya kumtolea marehemu: wali mpya, samaki, keki za mchele nilizozikanda bila hamu. Miran akamiminia baba yake pombe, akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nasikia mnyororo wa Nurungji uani.

Tulikubaliana wamchukue wao. Shamba la mapeasi ni kubwa, ana pa kukimbia, na mimi nitakuwa nakwenda kumwona. Hayo ndiyo maneno ya Miran. Mkwe wangu alimbeba akampandisha nyuma ya gari dogo la mizigo. Nurungji hakubweka. Alinitazama akiamini kuwa na mimi napanda.

Gari lilipokata kona nikaingia ndani, nikafua vitambaa ambavyo havikuwa vichafu.

Septemba 28
Nimebaki na mnyororo.

Oktoba 3
Miran anasema Nurungji hali chakula, anakaa nyuma ya banda ameelekeza uso kusini. "Atazoea, Mama." Nilimwambia hata mama yake Nurungji tulisema atazoea.

Oktoba 8
Nimevuna mpunga kwa msaada wa mashine ya mwenyekiti. Mama Jeongdal kanifokea, "Mama Miran, umekonda. Watakupima na wewe wakutoe." Sikupata la kumjibu, na yeye kwa kuniona sijajibu akaogopa, akaniletea supu.

Oktoba 12
Miran anasema amekula kidogo. Namsikia sauti, ananidanganya.

Oktoba 15
Upepo. Namchukia Tak. Nimeandika ili nisisahau kumchukia, kwa sababu jana nilimwona anasukuma baiskeli mlimani mwenyewe, ameshika kiuno, nikakaribia kumwonea huruma.

Oktoba 24
Ngoja niandike kama ilivyotokea.

Miran alipiga simu mchana. Alitaka kupanga safari ya siku yangu ya kuzaliwa. Akauliza, "Mwaka huu inaangukia lini?"

"Tarehe kumi na tisa mwezi wa kumi, kama miaka yote. Mtoto gani hajui siku ya mama yake?"

"Hiyo najua, Mama. Hiyo ni ya kuhesabu kwa mwezi mwandamo. Nauliza kwa kalenda ya kawaida, nimwambie mume wangu."

Nikavuta simu mpaka ukutani kwenye kalenda ya ushirika, ile yenye tarehe kubwa za kawaida na chini yake tarehe ndogo za mwezi. Nikatafuta kumi na tisa ndogo. "Novemba ishirini na tisa," nikamwambia. Na kidole changu kikabaki pale pale.

Maana sisi wa umri huu tukitaja tarehe tunataja ya mwezi. Siku za kuzaliwa, siku za mizimu, siku za kupanda. Nani aliwahi kuniuliza tarehe nikamjibu ya ofisini? Na yule msichana wa mjini aliniuliza Nurungji amezaliwa lini, nikamjibu kama ninavyojibu siku zote, akaandika Februari.

Nikafunua kalenda nyuma mpaka mkono ukagonga msumari. Tarehe kumi na nane, mwezi wa pili, kwa hesabu ya mwezi, imeangukia Aprili tano. Ndiyo, vitunguu vya mwisho vilikuwa shambani tulipozika, si barafu. Kwa nini sikukumbuka? Nurungji alipimwa akiwa hajafika hata hiyo miezi sita. Amezidishiwa mwezi na nusu. Wamepima kichwa cha mtoto kwa kipimo cha aliyekua.

Nikamwambia Miran yote kwa pumzi moja. Nikamwambia amfunge Nurungji vizuri, kesho nakuja kumchukua.

"Mama," akasema, "alikata kamba juzi. Tumemtafuta kila mahali. Sikujua nikwambie vipi."

Oktoba 25
Nimekwenda kwa Bwana Tak kabla hajanywa chai. Tangu ile siku sijakanyaga kwake. Alikuwa anakata kuni. Nikamwambia palepale nimesimama. Aliweka shoka chini, akakaa juu ya gogo.

"Mbona hukusema ni ya mwezi, shemeji?"

"Mbona hukuuliza?"

"Meno niliyaona," akasema. "Yalikuwa bado ya utoto. Nikadhani ni mdhaifu, amechelewa kwa kukosa maziwa." Akajifuta uso kwa mkono. "Na siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa baraza ile ile wakati anazaliwa chini yangu. Nilimsikia analia."

Nilikuwa nimekuja na matusi mengi, nimeyapanga tangu alfajiri. Yote yalinikauka. Tulikaa pale wazee wawili wajinga.

Kisha akainuka, akavaa koti. Akasema upimaji haufungwi mpaka mwisho wa Novemba, Nurungji akirudi atampima upya, na tarehe atairekebisha yeye mwenyewe mbele ya mkuu wa ofisi. "Na atarudi," akasema. "Hawa wanarudi." Akaenda kwa baiskeli mpaka kituo cha walinzi darajani, kwa sababu pale mbwa asiye na namba akija kutoka bara hufukuzwa. Alirudi jioni akaniambia amewaeleza: wa njano, dume, bado mdogo, akitokea wamfunge wamwite Tak. Mlinzi wa zamu amesema atawaambia wenzake.

Oktoba 29
Geti nimeliacha wazi. Mama Jeongdal anasema wezi wataingia. Waibe nini, pilipili?

Novemba 1
Mkwe wangu amesikia kuna mbwa wa njano ameonekana Haenam, karibu na kituo cha mafuta. Haenam ni hapo tu, ng'ambo ya daraja. Kutoka Naju amekuja mwenyewe! Hajawahi kupita njia ile ila mara moja, mgongoni mwa gari. Nimepika shayiri.

Novemba 2
Nimepika shayiri.

Novemba 3
Nimepika. Nimemwaga.

Novemba 6
Baridi ya kwanza imeunguza majani ya figili. Mimi na Bwana Tak tumekwenda Haenam kwa basi. Tumezunguka tukiita, yeye upande huu wa barabara, mimi ule. Sauti yake ya kuita ni mbaya, inatisha watu. Mwanamke wa duka alisema alimtupia mfupa wa nguruwe juzi, alikuwa mwembamba sana na mguu mmoja unachechemea. Tulirudi na basi la mwisho. Ndani ya basi Tak aliniambia kuwa tangu ile siku ya uwanjani hajalala vizuri. Nilimwambia, "Vizuri sana." Baadaye nilimpa nusu ya kiazi kitamu changu.

Novemba 9
Upepo mkali kutoka kwenye mkondo wa bahari chini ya daraja. Sikio langu lote liko getini.

Novemba 12
Nimekwenda darajani peke yangu, Tak ana homa. Mlinzi alikuwa mtu mzima, amejifunga shali mpaka puani. Nikamuuliza kama siku zile za karibuni ameona mbwa wa njano.

"Yupo mmoja, mama. Alikuja jana asubuhi. Hana namba, nikamfukuza."

"Ukamfukuza."

"Kwa fimbo. Akarudi. Nikamfukuza tena. King'ang'anizi yule. Mara ya mwisho hakurudi barabarani, alishuka kwa kule kwenye mawe."

"Kule wapi?"

Akaonyesha chini ya daraja. Pale maji yanapobanwa kati ya bara na kisiwa, yanapiga kelele mpaka hamsikilizani. Meli za chuma zinangoja yatulie. Nikamuuliza kama alimwona akitoka. Akaacha kunitazama.

"Hukuambiwa?" nikamuuliza. "Hukuambiwa umfunge, umwite Tak?"

"Nimehamishiwa hapa Jumatatu, mama. Hakuna aliyeniambia neno."

Sikumpiga. Sikumtukana. Ningependa kuandika kwamba nilifanya kitu. Nilishuka kwenye mawe nikaita mpaka sauti ikakatika, na maji yale hata mimi mwenyewe yalinizuia nisijisikie. Mlinzi alikuja akanishika mkono kunipandisha. Alikuwa analia, yule mtu, na mimi sikuwa na chozi la kumsaidia.

Novemba 13
Geti liko wazi.

Novemba 14
Wavunaji wa mwani wamemkuta. Bwana Tak kamleta kwa mkokoteni, na homa yake hiyo hiyo, amemfunika koti lake mwenyewe. Hakupiga hodi. Alisimama uani kichwa wazi.

"Walimkuta wapi?"

"Upande wetu," akasema. "Alivuka, shemeji. Alikuwa ametoka majini kabisa, yuko juu ya majani makavu. Nadhani ni baridi na uchovu. Alikuwa amefika."

Nikamfunua. Mbavu zote zinahesabika. Miguu imechubuka. Lakini kichwa kilikuwa kimebadilika, nilikiona hata mimi, kimekuwa kichwa cha dume. Marehemu angekishika angesema haya, ndiye huyu.

"Mpime," nikamwambia.

"Shemeji."

"Una chuma chako mfukoni, huwa hakikutoki. Mpime."

Akapiga magoti kwenye udongo wenye baridi. Akamfuta chumvi usoni kwa mkono wa shati. Akapima kutoka kisogoni hadi puani, akataja, kwa sauti ile ile ya uwanjani. Akapima pua. Akazungusha utepe. Mwisho akaweka chuma kwenye paji, kikagonga fupa. Alipima mara moja tu.

"Amepita," akasema. "Kwa milimita mbili."

Kisha akatoa karatasi na kalamu, nadhani kwa mazoea, au kwa kuwa hakujua mikono yake aifanyie nini. Akaandika rangi. Akaandika jinsia. Akaniuliza bila kuinua macho, "Amezaliwa lini?" kama vile hajui, kama vile hakuwa amekaa baraza ile.

Na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikataja tarehe ya ofisini bila kutazama kalenda.

"Aprili tano."

Tumemzika mlimani, chini kidogo ya kaburi la mzee wangu. Tak ndiye aliyechimba. Nilitaka kumnyang'anya jembe kwa sababu ya homa, akakataa.

Novemba 20
Vitunguu.

Novemba 24
Tak amelazwa mjini, mapafu. Nimempelekea uji. Nilimlisha.

Novemba 29
Leo nimetimiza umri mwingine. Miran amefika jana na kabichi za kimchi, na leo kaamka mapema akanipikia supu ya mwani, kama inavyompasa mtoto siku ya mama yake. Bakuli lilikuwa linafuka moshi. Nikaona ule mwani mweusi unavyojikunja ndani ya maji, nikajua umetoka mkondo ule ule, maana mwani wetu wote unatoka huko. Miran alikuwa ananitazama, macho mekundu. Nikala. Nilikula wote, kwa ajili yake. Hamu ya mwaka mwingine sina, na hilo sikumwambia.

Jioni akatoka barazani, akarudi anasugua mikono.

"Mama, geti liko wazi, baridi yote inaingia ndani. Nilifunge?"

Nikamwambia alifunge.